Jina la Nyumbani

Mimi si mtu wa milima. Nimezaliwa mlimani, nimelelewa mlimani, lakini nilipopata akili niliteremka Moshi mjini. Nina kibanda cha vyakula vya kuku Pasua, nina nyumba yangu mtaa wa Soweto, na sijawahi kuona sababu ya mtu mwenye akili timamu kupanda juu kwenda kutafuta baridi. Wageni wapande, wana kwao pa kurudi. Wa kwetu waliopanda hawakurudi wote.

Kwa hiyo ukisikia Aikande alipanda mpaka Dirishani, usifikiri nilikwenda kupiga picha. Nilipandishwa na mama.

Mama yangu anaitwa Elinipendo, na moyo wake umetanuka. Daktari alinionyesha kwenye picha, akaniambia bila kuzunguka kwamba huyu mama anatakiwa akae karibu na matibabu, aondoke huko juu ambako gari la kumpeleka hospitali linatafutwa kwanza, likipatikana linasukumwa. Akibaki kule, alisema, hatutamaliza naye mwaka. Nikamwandalia chumba Soweto, kitanda kipya, godoro gumu kama anavyopenda mwenyewe. Mama akakataa. Nyumba yetu iko Siha, juu ya Sanya Juu, na alisema hawezi kuifunga.

"Godbless akija akute kufuli?" aliniuliza.

Godbless ni mdogo wangu, kitinda mimba, mtoto wa kiume pekee kwetu. Alikuwa akiongoza watalii mlimani. Upande wa Shira kuna jabali limechomoza kama kibaraza, na wapagazi wanapaita Dirishani, kwa sababu ukungu ukifunguka unaona mlima Meru, unaona mashamba yote ya chini, unaona mpaka mabati ya Sanya Juu yanavyometa. Na mtandao wa simu unashika. Kila alipofika pale Godbless alimpigia mama. "Mama, niko Dirishani." Mama anamjibu, haya, shuka salama. Hakuna cha zaidi, lakini mama siku hiyo alikula vizuri.

Mwaka juzi alipiga akasema, "Mama, niko Dirishani. Ukungu umeshuka, mpagazi mmoja kabaki nyuma, namrudia." Yule mpagazi alikuwa ameshapita njia nyingine, alifika kambini akanywa chai. Godbless hakufika. Walitafuta askari wa hifadhi, walitafuta waongozaji wenzake, walitafuta wajomba zangu kwa miguu yao ya kizee. Ilipatikana glavu. Mchungaji alituombea ibada ya faraja, lakini kaburi hatukuchimba, maana unachimba kaburi la nani? Na tangu siku ile mama hakufunga mlango. Anaurudishia tu, anaweka kigoda nyuma yake upepo usiufungue.

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia. Nina mdomo, watu wa Pasua wanaujua, lakini kwa mama mdomo wangu haukufua dafu. Mwishowe akaniambia, "Mlete mdogo wako nyumbani. Ukimleta, nafunga nyumba nakufuata Soweto siku hiyo hiyo."

Sasa nieleze vizuri, nisije nikasemwa. Hili ninalolisema si la Wachagga wote, ni la ukoo wetu, na mama aliambiwa na mama mkwe wake. Mtu akifia mbali na mwili usionekane, ndugu yake wa karibu anakwenda mpaka pale alipoonekana mara ya mwisho, ameshika jani la isale, lile tunalopanda mipakani na makaburini na kulibeba tukienda kuomba msamaha. Anamwita mara moja tu. Anageuka, anampa mgongo, anaanza kurudi nyumbani huku akimweleza njia: hapa kuna mto, hapa kuna kona, hapa inama kuna tawi. Asigeuke nyuma. Jani asiliweke chini mpaka mwenye nyumba alipokee. Likipokelewa, mtu amefika, na anaweza kulazwa panapostahili.

Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya pili. Mchungaji sikumuuliza. Ukitaka kukatazwa, uliza.

"Na umwite kwa jina la nyumbani," mama alinisisitizia, ameketi barazani, miguu yake imevimba, kaiweka juu ya gogo. "Hilo Godbless ni la kanisani na la cheti cha shule. Jina linalojua njia ya kihamba hiki, shamba la mababu, ni la ukoo. Umwite Ndelilio."

Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza anabeba jina la babu mzaa baba. Babu aliitwa Ndelilio, na yeye pia alikuwa mpagazi, enzi hizo za kubeba mizigo kichwani na kuvaa makubazi ya matairi. Alibaki mlimani kabla mama hajaolewa. Bibi alimsubiri mpaka akafa. Tulilijua hilo kama unavyojua hadithi za ukoo, unazisikia ukimenya ndizi, ukimaliza kumenya umezisahau.

Basi nikamtafuta Isack.

Isack alikuwa rafiki wa Godbless tangu shule, wakapanda pamoja miaka yote, na yeye ndiye aliyeipata ile glavu. Ni mtu mzima, ana mke na watoto na Landkruza ya zamani inayolia kila kiungo. Nilipomweleza hakucheka. Aliuliza tu kama nina viatu.

"Viatu ninavyo. Mapafu ndiyo sijui," nikamwambia.

Tuliondoka alfajiri, tukapita geti la hifadhi, gari likapanda msituni kisha likatoka kwenye vichaka, mpaka barabara ikakataa. Kutoka pale ni miguu. Isack alitangulia, mimi nyuma na jani langu la isale mkononi kama mtu anayekwenda kuposa. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, jua, mbingu ya bluu. Lakini pumzi hakuna. Unavuta hewa, unaipata nusu. Kichwa kikaanza kunigonga kwa ndani.

"Pole pole, dada Aika," Isack akasema.

"Hiyo pole pole yako waambie Wazungu," nikamjibu. Baada ya muda nikawa natembea pole pole kuliko hata Wazungu, na sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Miti iliisha, vikabaki vichaka vya kijivu, vichaka vikaisha yakabaki mawe. Na ukimya. Mimi nimezoea Pasua, kelele za bodaboda, redio za watu, mashine ya kusaga. Kule juu nilisikia damu yangu masikioni. Nikawa namfikiria Godbless kwenye ukimya ule peke yake, misimu yote hiyo, mvua na barafu, yule mtoto aliyekuwa hawezi kula bila kusimulia kitu. Nililia kidogo. Isack alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Dirishani tulifika ukungu ukiwa mbali chini yetu. Kweli ni dirisha. Niliona Meru, niliona mashamba yamegawanywa kama vitenge vimeanikwa, na mbali kabisa yale mabati. Isack akanionyesha mahali Godbless alipokuwa anakaa akipiga simu, jiwe limelainika kwa makalio ya watu. Nikakaa. Nikampigia mama.

"Uko wapi?" akauliza.

"Mama, niko Dirishani."

Sikukusudia. Ndilo neno lililotoka. Nikasikia kuku wa nyumbani kwenye simu. Kisha akasema, "Haya. Shukeni salama." Alisema shukeni.

Nikasimama. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, na Isack alikuwa anautazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikanyoosha jani mbele yangu, nikaita kwa sauti yangu ya kwaya, mara moja kama nilivyoagizwa: "Ndelilio. Twende nyumbani."

Mwanzo hakukuwa na kitu. Halafu, chini yetu upande wa kushoto, mawe yakaanza kuporomoka. Nyayo. Nyepesi, za haraka, za mtu anayepanda akikimbia. Nikazitambua, kwa sababu Godbless hakuwahi kutembea maishani mwake; huyo alikuwa anakwenda mbio hata akitumwa chumvi. Nilitamani kucheka. Nyayo zikaja, zikaja, zimekaribia kabisa.

Kisha upande mwingine, kutoka kule kwenye mawe makubwa, nikasikia *tak*. Fimbo juu ya jiwe. Na hatua nzito. Na *tak* tena.

Zile nyepesi zikasimama.

Hazikurudi nyuma, hazikwenda pembeni. Zilisimama tu. Zile nzito zikaja polepole mpaka nyuma ya bega langu, na baridi ikaniingia shingoni, na nikajua kuna mtu. Nikasema moyoni, ni mwangwi, Aikande. Milima ina mwangwi. Na mtu aliyekaa kwenye baridi hii misimu yote hiyo, unataka aje anakimbia? Hata wewe ungetembea na fimbo.

Sikugeuka. "Karibu, mdogo wangu," nikasema, na nikaanza kushuka.

Njia nzima nilimweleza. Hapa pana utelezi, weka mguu juu ya jiwe. Hapa tunakata kulia. Nilipomaliza kueleza njia nikamweleza habari, maana kimya kilinitisha zaidi. Nikamwambia ng'ombe amezaa ndama jike. Nikamwambia Gladness, yule mchumba wake, alisubiri, tusimlaumu, sasa ameolewa Sanya Juu na ana mtoto. Nikamgombeza pia. Nikamwambia mpagazi uliyemrudia alikuwa anakunywa chai, mjinga wewe, na mama amekwisha kwa ajili yako. Nilidhani hapo angalau atapiga teke kokoto, alivyokuwa akifanya akikasirika. Nyuma yangu ilikuwa *tak*, na hatua, na *tak*. Mguu mmoja ulikuwa unaburuzwa.

Isack alikuwa mbele na hakugeuka. Lakini niliona mgongo wake. Umekaza kama ubao.

Gari lilipoonekana alifungua mlango wa nyuma akasubiri, uso kaugeuzia pembeni. "Panda gari, tunakwenda nyumbani," nikamwambia niliyekuwa naye. Halikupandwa haraka. Kulikuwa na kusitasita, kama mtu ambaye hajui mguu upi unatangulia. Kisha springi za gari zikalia, na gari likainama upande mmoja. Isack akafunga mlango taratibu kwa mikono miwili.

Tulipokuwa msituni ndipo akafungua mdomo. "Dada, unasikia harufu?"

"Ya nini?"

"Ugoro."

Nilikuwa naisikia tangu tulipoondoka Dirishani. Tumbaku kali ya kusagwa, imechanganyika na jasho la zamani na moshi wa kuni. Godbless alikuwa hawezi hata kukaa karibu na mvuta sigara, alikuwa anakohoa makusudi mpaka mtu aizime.

"Ni gari lako linanuka," nikamwambia. "Lioshe." Isack akanitazama kidogo, akarudisha macho barabarani. Tuliteremka hivyo mpaka Sanya Juu, tukapita sokoni watu wakifunga biashara zao, wanawake wanafunga magunia, mmoja akanipungia mkono na mimi sikuweza kumpungia kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na jani na mwingine ulikuwa umeshika mlango. Nilikuwa namweleza: hapa ni sokoni, hapa ni kwa yule fundi viatu, hapa tunapanda kwetu.

Pale chini kidogo ya nyumbani, barabara inapovuka mfereji wa zamani tunaouita mfongo, gari lilizimika. Isack akawasha, likakataa. Akawasha tena. Mlango wa nyuma ukafunguka.

Nilimsikia akishuka. *Tak.* Nikashuka na mimi haraka niwahi kuwa mbele, macho nimeyaelekeza juu kwenye barabara, nikasema, "Njoo, hapa tunafuata barabara, nyumbani ni pale." Fimbo haikuja barabarani. Ilikwenda kushoto, kwenye ukingo wa mfongo, ikagonga majani kutafuta njia, na ikaipata.

Pale kuna kijia. Kulikuwa na kijia. Nilikipita nikiwa mtoto mdogo nabebwa mgongoni, kabla ya barabara kuchongwa. Ilipochongwa, watu wakakiacha, migomba ikakizuia. Godbless alikuwa hajazaliwa. Hakukijua. Hakuna wa umri wake anayekijua.

Hapo ndipo nilipojua. Nasema ukweli, nilijua pale pale, nikatamani nitupe jani nikimbie mpaka Soweto. Lakini niliagizwa jani nisiliweke chini mpaka lipokelewe. Basi mimi niliyekuwa natakiwa kumwonyesha mtu njia nikaingia kwenye kijia nisichokikumbuka, natangulia bila kujua ninakokwenda. Nikikosea, fimbo inagonga upande wa pili kunirekebisha. Alinirekebisha mpaka tukatokea nyuma ya kihamba chetu, upande ambao hakuna mtu anaingilia.

Mama alikuwa amesimama uani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na amejifunga kilemba, amejishikilia kwenye nguzo ya baraza, na uso wake ulikuwa unang'aa. Sijawahi kumwona hivyo tangu mwaka juzi. Jikoni kulikuwa na mtori wa ndizi, nilisikia harufu yake. Alimpikia mwanawe. Macho yake yalikuwa barabarani, kule gari linakotokea, na alipotusikia upande wa nyuma akageuka na akakunja uso kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Nilitaka kumwambia.

Nyayo zilinipita. Ndiyo mara pekee zilipokuwa mbele yangu, na sikuona kitu isipokuwa majani ya magimbi yakilala na kuinuka. Hazikwenda barazani. Hazikwenda kwenye mlango wenye kigoda. Zilikwenda mpaka pale chini ya mparachichi, mahali penye mawe mawili bapa ambayo sisi watoto tulikuwa tunafulia nguo. Zikasimama. Kisha nikasikia mtu akikohoa kwa kusafisha koo. Akatulia. Akasafisha tena, akangoja.

Mama aliachia nguzo.

Baadaye aliniambia kwamba yale mawe yalikuwa kizingiti cha nyumba ya zamani, ile ya nyasi, aliyoikuta yeye alipoolewa, ikabomolewa tulipojenga hii ya tofali. Na mama mkwe wake alimsimulia mara nyingi, wakipalilia, jinsi mumewe alivyokuwa mtu wa heshima: haingii nyumbani kwake mwenyewe bila kukohoa mlangoni na kungoja, mkewe ajifunike. Bibi alikuwa akimwigiza. Anakohoa, anangoja, anacheka, kisha analia.

Lakini wakati ule hakuniambia kitu. Alitembea kwa ile miguu iliyovimba, bila fimbo, mpaka chini ya mparachichi. Nikaona uso wake ukizimika kidogo kidogo. Alisimama mbele ya yale mawe, akashusha macho, akakunja magoti yake mabovu kadiri yalivyoweza.

"Shikamoo, baba," mama akasema.

Isack, aliyekuwa amefika kwa barabara, akavua kofia.

Mama akanigeukia akanyoosha mikono miwili, nikampa jani. Alilipokea, kwa sababu mtu akishafika mlangoni huwezi kumwambia umekosea nyumba, hasa ikiwa nyumba yenyewe ni yake. Akalichomeka kati ya yale mawe mawili. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa aliyokuwa amemwekea mwanawe, akamimina. "Mama amekusubiri sana," alimwambia. "Yuko hapo juu, kwenye masale, pembeni yake kuna nafasi yako. Hakuna aliyeichukua." Harufu ya ugoro ilikaa kidogo, kisha upepo ukapita kwenye migomba, ikaisha.

Tulikaa barazani. Mtori ulipoa na hakuna aliyeugusa. Nilimwomba mama msamaha ingawa sikujua nimekosa nini, nilifanya kila kitu kama alivyosema.

"Hujakosa wewe," akasema. "Nimekosa mimi. Nilimpa mtoto jina la mzee nikasahau kwamba mzee mwenyewe bado yuko huko huko." Akanigeukia. "Ulipoita, ulisikia mmoja tu?"

Nikamwambia. Sikutaka, lakini nikamwambia. Kwamba kulikuwa na mwingine, mwepesi, anakuja mbio, na alikuwa amefika kabisa. Na kwamba fimbo iliposikika yeye akasimama.

Mama aliweka kiganja kifuani, pale penye ule moyo uliotanuka, akakikandamiza.

"Alimpisha," akasema.

Sikuelewa.

"Alimwona babu yake anakuja, akampisha. Si ndivyo nilivyomlea? Mara ngapi nimemchapa hapa uani kwa kumtangulia mtu mzima mlangoni?" Alianza kulia, kilio cha chini kisicho na sauti, machozi yakaingia kwenye mikunjo ya mashavu. Nilimshika. Alikuwa mwepesi kama mtoto, ila miguu.

Nilimwambia twende Soweto, mama. Twende kesho. Daktari anakusubiri. Akanitazama kama anayeongea na mtu asiyejua Kiswahili. Sasa, akasema, ana mkwe mgeni nyumbani na ana mtoto njiani, na mimi nataka afunge mlango.

Asubuhi iliyofuata Isack alikuja. Hakuitwa. Alikuwa ameosha gari. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nafunga viatu, kila mfupa unaniuma, jani jipya la isale liko pembeni yangu. Mama aliketi kwenye kigoda chake uani, ameegemea mlango ulio wazi, anapumua kwa shida zaidi kuliko jana. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Nilijua, na yeye alijua, kwamba safari hizi haziwezi kuwa nyingi.

"Leo umwite Godbless," akasema. "Hilo ni la kwake peke yake."

"Sawa, mama."

"Aikande."

"Naam, mama."

Alikuwa anautazama mlima. Ulikuwa wazi asubuhi ile, theluji yote nje, karibu ungedhani unaweza kuugusa. Alitazama kwa muda, na nikaona anahesabu kimoyomoyo watu wa ukoo na wa kijiji, wapagazi wa zamani, wazee wa watu ambao nao hawakuletwa.

"Waliobaki kule ni wengi," akasema. "Na wote ni wakubwa kwake. Ukimsikia anakuja halafu akasimama, mwambie mama amesema leo asimpishe mtu."